Umeshindwa kesi? Namna ya kukata rufaa Tanzania, ngazi kwa ngazi

"Haki ya rufaa imeelezwa." Sentensi hiyo hufunga hukumu nyingi za mahakama zetu, na aliyeshindwa hutoka nayo ukumbini akidhani amepewa kila kitu. Haimwambii aende mahakama ipi, apeleke karatasi gani, wala ana siku ngapi kabla mlango haujafungwa. Ukisoma maamuzi ya Mahakama ya Rufani utakutana na rufaa nyingi zilizoondolewa kabla hoja hata moja haijasikilizwa: notisi ilichelewa, barua ya kuomba mwenendo wa kesi (maandishi ya yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani) haikupelekwa kwa upande wa pili, au nyaraka muhimu haikuwemo kwenye kumbukumbu za rufaa, yaani jalada la nyaraka linalopelekwa mahakama ya juu. Aliyeonewa kweli na anayevuta muda tu wote hutolewa nje kwa kosa lilelile.

Mwongozo huu ni wa mtu wa kawaida mwenye kesi Tanzania Bara. Zanzibar nitaigusa inapobidi. Namba za vifungu nimeziacha makusudi, maana toleo la sheria zilizorekebishwa la mwaka 2023 limezipanga upya nyingi, na anayenakili namba za zamani kutoka kwenye hati ya jirani anajitafutia maswali yasiyo ya lazima mbele ya jaji.

Hatua ya kwanza: jua kesi yako ilianzia wapi

Njia ya rufaa haifuati ukubwa wa ugomvi wala cheo cha unayegombana naye. Inafuata mahali kesi ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza.

Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo inapanda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani. Iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au Mahakama ya Hakimu Mkazi inakwenda Mahakama Kuu moja kwa moja, halafu Rufani. Wengi hujikwaa hapa wakidhani uamuzi wa Wilaya unakatiwa rufaa kwa Hakimu Mkazi. Sivyo. Hizo mbili hazikaguani kwa rufaa.

Mgogoro wa ardhi uliosikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nao unakwenda Mahakama Kuu. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu ya nani mwenye shamba. Tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, haikatiwi rufaa: unaomba marejeo, yaani uamuzi ukaguliwe, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na ukishindwa huko unakwenda Mahakama ya Rufani kwa hoja ya kisheria pekee. Kodi ina ngazi zake: Bodi ya Rufani za Kodi, Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani bila kupitia Mahakama Kuu.

Mpangilio huu unaonekana wa ajabu mpaka ujue ulikotoka, na mimi naona inafaa kuujua, kwa sababu masharti kadhaa yanayowasumbua watu leo yana mizizi huko.

Chini ya Waingereza kulikuwa na ngazi mbili zisizokutana. Amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliunda Mahakama Kuu ya Tanganyika. Kutoka hapo rufaa ilikwenda Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo kilichoanzishwa 1902, na mwisho kabisa Privy Council, baraza la Mfalme lililosikiliza rufaa za makoloni, kule London. Hiyo ilikuwa ngazi ya wachache. Mwanakijiji alishitakiwa kwenye mahakama za wenyeji, na sheria ya mwaka 1929 ilizitoa mahakama hizo chini ya uangalizi wa Mahakama Kuu, rufaa zake zikapanda kwa maofisa wa utawala wa kikoloni, mpaka kwa Gavana. Yaani serikali iliyokutoza kodi ya kichwa ndiyo hiyohiyo iliyokaa kusikiliza rufaa yako.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963, iliyoanza kutumika 1964, ndiyo iliyobomoa ukuta huo. Mahakama ya Mwanzo ikawekwa kwenye daraja la chini la ngazi moja inayofika Mahakama Kuu, na sheria iliyofuata ya 1984 imeuendeleza muundo huo hadi leo. Lakini Mahakama ya Mwanzo ilibaki na taratibu zake nyepesi, kanuni zake za ushahidi na muda wake wa rufaa. Ndiyo maana kesi iliyoanzia huko inahesabiwa siku tofauti na ya jirani yako iliyofunguliwa Wilayani, hata kama zote mbili zinahusu deni.

Huku juu nako palibadilika. Njia ya London ilifungwa Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliendelea kuzihudumia Kenya, Uganda na Tanzania mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaundwa 1979, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, aliyekikalia kiti hicho tangu 1977 hadi 2000. Ni chombo cha Muungano, tofauti na Mahakama Kuu, ambayo kila upande una yake. Zanzibar ilipita kwanza kwenye kipindi cha Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa, kabla ya Katiba yake ya 1984 na sheria zilizoifuata kuirudisha kwenye utaratibu wa kawaida. Mpaka leo Mahakama ya Rufani haisikilizi mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia mahakama za Kadhi za Zanzibar, wala haitafsiri Katiba ya Zanzibar.

Hatua ya pili: hakikisha uamuzi huo unakatiwa rufaa

Si kila kinachokuudhi mahakamani kina rufaa. Hakimu akikataa ombi lako la kuahirisha kesi, au akipokea kielelezo ulichokipinga, hiyo ni amri ndogo ndani ya kesi inayoendelea. Iandike, subiri hukumu, uje uitumie kama sababu ya rufaa. Sheria inakataza rufaa juu ya amri ambazo hazikumaliza shauri, na wanaolazimisha hupoteza miezi wakati kesi ya msingi imelala.

Hukumu iliyotolewa bila wewe kuwepo, upande mmoja ukisikilizwa peke yake, kwa kawaida inaanza kupingwa kwenye mahakama ileile kwa maombi ya kuitengua. Hukumu ya makubaliano haina rufaa ya kawaida: uliisaini mwenyewe. Katika jinai, aliyekiri kosa anaweza kulalamikia adhabu tu, uhalali wake au ukubwa wake, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kulikuwa na kasoro, mfano maelezo ya kosa hayakueleweka au hayakukamilisha kosa lenyewe.

Na aliyeachiwa huru asisherehekee mapema mno. Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki ya rufaa.

Hatua ya tatu: hesabu siku

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, basi iwe hii. Muda unaanza kuhesabiwa siku inayofuata hukumu. Ikitolewa tarehe 3 Machi na muda wako ni siku 30, siku ya mwisho ni tarehe 2 Aprili. Siku ya mwisho ikiangukia siku ambayo mahakama imefungwa, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata. Jumamosi na Jumapili za katikati zinahesabiwa kama siku nyingine.

- Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya, madai au jinai: siku 30.
- Kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, kesi iliyoanzia Mwanzo: siku 30, na hati unaipeleka kwenye Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, si Mahakama Kuu.
- Madai yaliyoanzia Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu: siku 90.
- Jinai iliyoanzia Wilaya au Hakimu Mkazi: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa ndani ya siku 45.
- Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, shauri lililoanzia barazani hapo: siku 45.
- Marejeo ya tuzo ya CMA: wiki 6 tangu ulipokabidhiwa tuzo.
- Mahakama Kuu kwenda Rufani: notisi ya rufaa ndani ya siku 30.

Zile siku 10 za jinai ndizo zinazoua. Mtu amefungwa, ndugu wanahangaika kutafuta wakili, na wiki imekwisha. Mfungwa hahitaji wakili wala ndugu ili kutoa notisi: anaitoa kupitia kwa mkuu wa gereza, ambaye wajibu wake ni kuifikisha mahakamani. Ndugu mkienda kumtembelea, swali la kwanza liwe kama notisi imeshapelekwa, na nakala yake iko wapi.

Muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu au mwenendo, kwa rufaa zile za siku 90 na za siku 45 za jinai, unaweza kutolewa kwenye hesabu. Kwa kesi zilizoanzia Mahakama ya Mwanzo usitegemee hilo. Wilayani huko si lazima uambatishe nakala ya hukumu, kwa hiyo anayesema "nilikuwa nasubiri nakala" hana pa kusimama.

Hatua ya nne: omba nakala kwa maandishi, siku hiyohiyo kama unaweza

Andika barua kwa msimamizi wa mahakama ukiomba nakala zilizothibitishwa za hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa kesi. Itaje namba ya shauri, majina ya pande zote na tarehe ya hukumu. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako ya barua. Usipopata muhuri, barua hiyo ni kama haikuandikwa.

Ombi la mdomo kwa karani, hata kama mnafahamiana na amekuahidi vizuri, halihesabiki. Siku ya kujitetea kuhusu ucheleweshaji, karani huyo hatakuwepo, au atakuwa amehamishwa. Hukumu na dikrii ukizipata, zikague papo hapo: tarehe zifanane, majina yaandikwe sawa, jina na saini ya hakimu viwepo. Kasoro kwenye dikrii imewahi kuangusha rufaa nyingi, na kuirekebisha ni kazi ya mahakama iliyoitoa, kwa hiyo irudishe mapema.

Hatua ya tano: andika sababu za rufaa

Sababu ya rufaa inaonyesha kosa. Malalamiko yanaonyesha uchungu. Ukiandika "kwamba hakimu alinionea na hukumu haikuwa ya haki", jaji hana cha kukamata. Ukiandika "kwamba Mahakama ya Wilaya ilikosea kisheria kwa kuegemea mkataba wa mauziano ambao haukupokelewa kama kielelezo", umemwambia aangalie wapi na atafute nini.

Sababu tatu zenye nguvu zinatosha. Kumi na tano zenye kurudiana zinamchosha msomaji na kuificha ile moja nzuri. Kila sababu ijitegemee, iwe fupi, ipewe namba, isiwe na hadithi wala sheria ndefu ndani yake. Maelezo utayatoa siku ya kusikilizwa au kwenye hoja za maandishi. Usilete jambo jipya ambalo halikujadiliwa chini, isipokuwa hoja ya kisheria yenye uzito kama mamlaka ya mahakama kusikiliza shauri lenyewe. Ushahidi mpya unahitaji ruhusa, na haitolewi kirahisi.

Uzijue pia tofauti za ngazi. Kwenye rufaa ya kwanza, mahakama ina wajibu wa kuupitia ushahidi wote upya na inaweza kufikia uamuzi wake yenyewe. Kwa hiyo pale ndipo pa kusema "shahidi wa pili na wa tatu walipingana juu ya mpaka". Kwenye rufaa ya pili, kama mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya jambo la ukweli, ya juu haiingilii ila pale walipouelewa vibaya ushahidi au kukiuka sheria. Wanaopeleka Mahakama ya Rufani sababu zilezile walizozitumia Mahakama Kuu, neno kwa neno, hawajaiona tofauti hiyo.

Tangu 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usione haya kuandika kwa Kiswahili kilichonyooka. Bora hicho kuliko Kiingereza cha kuokoteza ambacho hata aliyekiandika hakielewi.

Kuwasilisha siku hizi ni kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Utapewa namba ya malipo. Ilipe siku hiyohiyo, maana hati isiyolipiwa ada inakaribisha ubishi kama ilifunguliwa ndani ya muda. Asiye na uwezo aulize mapema kuhusu msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017.

Hatua ya sita: zuia ukazaji (utekelezaji) wa hukumu

Watu hushangaa dalali wa mahakama akija kuchukua mali wakati "rufaa iko mahakamani". Rufaa peke yake haizuii kitu. Lazima uombe, kwa hati ya kiapo, ukazaji usimamishwe, ueleze hasara gani kubwa utaipata, na uwe tayari kuweka dhamana ya utekelezaji wa hukumu endapo utashindwa. Kwenye Mahakama ya Rufani ombi hili lina siku 14 tangu upewe taarifa ya ukazaji. Aliyefungwa anaweza kuomba dhamana wakati rufaa inasubiri, lakini baada ya kutiwa hatiani mahakama huwa nzito, nayo hutaka sababu zisizo za kawaida.

Hatua ya saba: Mahakama ya Rufani yenyewe

Hapa kuna taratibu za Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, zilizorekebishwa mara kadhaa, na uvumilivu wake kwa makosa ni mdogo. Kwa madai, mlolongo ni huu. Ndani ya siku 30 unawasilisha notisi ya rufaa kwa Msajili wa Mahakama Kuu. Ndani ya siku hizohizo 30 unaandika barua ya kuomba mwenendo, na nakala yake unampelekea mjibu rufaa, yaani upande wa pili. Notisi nayo unamkabidhi ndani ya siku 14 tangu uiwasilishe. Kisha una siku 60 tangu notisi kufungua rufaa yenyewe, yaani hati ya sababu pamoja na kumbukumbu za rufaa, na kuweka dhamana ya gharama.

Siku 60 hazitoshi kama mwenendo haujachapwa, na mara nyingi haujachapwa. Kinga yako ni cheti cha ucheleweshaji kutoka kwa Msajili, kinachotaja siku zilizotumika kuandaa nyaraka. Lakini kinakulinda tu kama barua yako ilikuwa ndani ya siku 30 na nakala yake ilimfikia mwenzako. Msajili anatakiwa kukamilisha ndani ya siku 90. Zikipita kimya, una siku 14 za kufuatilia, kwa maandishi tena. Ukipata cheti, kisome tarehe kwa tarehe. Cheti chenye tarehe zisizolingana na barua kinaweza kukuponza kuliko kutokuwa nacho.

Ukishafungua rufaa, una siku 60 za kuleta hoja za maandishi. Mwenzako ana siku 30 za kujibu.

Ruhusa ya kukata rufaa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa lazima kwa mashauri mengi ya madai, iliondolewa na sheria iliyoanza kutumika Desemba 2023. Ni marekebisho mazuri kuliko mengi niliyoyaona, kwani watu walikuwa wanatumia mwaka mzima wakibishania ruhusa ya kubishana. Kilichobaki ni cheti cha hoja ya kisheria kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo. Mahakama Kuu lazima ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kwenda juu, na usipokuwa na cheti hicho rufaa haina miguu.

Kwa jinai mambo ni mepesi kidogo. Notisi ndani ya siku 30 ndiyo inayofungua rufaa, kumbukumbu zinaandaliwa na Mahakama, na mrufani anatoa sababu zake ndani ya siku 21 baada ya kukabidhiwa.

Rufaa husikilizwa na majaji wasiopungua watatu. Wakikutana na maamuzi yao ya nyuma yanayogongana, jopo kubwa zaidi linaweza kukaa. Mahakama hii hufanya vikao mikoani pia, Mwanza, Arusha, Mbeya na kwingineko, pamoja na Zanzibar, kwa hiyo si lazima kila mrufani asafiri hadi Dar es Salaam au Dodoma.

Ukichelewa

Unaomba kuongezewa muda, kwa hati ya kiapo. Mahakama inataka uieleze kila siku uliyochelewa, si kwa jumla jumla. Ulikuwa hospitali? Lete cheti, kisha ueleze na zile siku baada ya kuruhusiwa. Uharamu unaoonekana wazi kwenye uso wa hukumu unaweza kuwa sababu yenyewe, lakini uwe wazi kweli, si wa kutafutwa kwa darubini. Mahakama Kuu ikikunyima muda wa kuwasilisha notisi ya rufaa, una siku 14 za kurudia ombi hilo Mahakama ya Rufani.

Marekebisho ya 2018 yameitaka Mahakama itazame haki zaidi ya ufundi, na mawakili huyaita kanuni ya oksijeni. Yamesaidia: nyaraka iliyosahaulika kwenye kumbukumbu sasa unaweza kuruhusiwa kuiongeza badala ya rufaa yote kuondolewa. Majaji wamerudia kusema, hata hivyo, kwamba oksijeni hiyo haiponyi kuchelewa wala kukosa mamlaka.

Rufaa ikianguka, uliza imeanguka vipi. Kama imeondolewa kwa kasoro, unaweza kurudi upya ukishaongezewa muda. Kama imetupiliwa mbali baada ya kusikilizwa, mlango huo umefungwa.

Baada ya Mahakama ya Rufani

Kinachobaki ni maombi ya mapitio mbele ya Mahakama ileile, ndani ya siku 60, kwa sababu chache mno: kosa la wazi lililoleta dhuluma, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi kuwa batili, mahakama kutokuwa na mamlaka, au uamuzi kupatikana kwa udanganyifu. Kutoridhika hakumo kwenye orodha hiyo.

Wapo watakaokuambia uende Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Wafungwa wengi wa Tanzania walikwenda huko, na baadhi yao walishinda. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo haupokei mashauri mapya ya watu binafsi dhidi ya Tanzania. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo ya Arusha, ipo na inapokea raia, ila haisikilizi rufaa kutoka mahakama zetu. Inaangalia kama serikali imekiuka Mkataba wa Jumuiya, na inataka upeleke shauri ndani ya miezi miwili.